Kilemba Kimoja kwa Uso wa Mishi

Haya, mikono mbele, vidole wazi, na anayewashwa na pua amwombe jirani amkune. Hina haitaki papara. Ukijigusa umeharibu, na mimi sirudii ua hata uniite mama. Kwa kuwa nyote ni mateka wangu mpaka ikauke, nitawapa kisa. Lakini kisa changu si cha bure, mwisho wake nataka jibu. Watoto nao wajibu. Niseme nisiseme?

Semeni "sema" kwa nguvu, mmepakwa hina mikononi, si ulimini. Ehee!

Palikuwa na ndugu watatu wa tumbo moja, wote madaktari, na wote wana majivuno. Mbwana, kifungua mimba, alijaliwa mkono wa mifupa mikubwa. Taya likikaa kombo, yeye hulikata, akalisogeza mahali pake, akalifunga kwa vibamba vya chuma na skrubu ndogondogo mpaka mfupa ukaunga.

Saumu, dada yao wa kati, alijaliwa mkono mwepesi. Kazi yake ni mifupa ya mashavu, hii inayochomoza chini ya macho. Ikizidi huipunguza, ikipungua huijaza, na hata umtazame mtu kwa taa huoni kisu kilipopita.

Chande, kitinda mimba, alijaliwa jicho. Yeye ni daktari wa kunyoosha meno kwa nyaya, lakini akikutazama anakuona ulivyo na utakavyokuwa, tena anakufinyangia kichwa chako kwa plasta, ile chokaa inayoganda, ukajione mwenyewe.

Walikuwa hodari, sikatai. Lakini tangu utotoni hawaachiani hata ukoko wa wali. Mmoja akisifiwa, wawili wananuna.

Sasa, katika mji huohuo alikuwako binti mmoja, Mishi, fundi wa kushona magauni ya maharusi. Alikuwa yatima wa baba na mama, amelelewa na nyanya yake, Bi Mwanamvua. Mishi alizaliwa na taya la chini lililotangulia mbele, na mashavu yaliyotanuka huku na huku. Meno yake ya mbele hayakuwahi kukutana. Fundi gani asiyeweza kukata uzi kwa meno? Kila mshono lazima atafute mkasi, na mkasi mnaujua, ukiutaka haupo. Kwenye mahindi ya kuchoma alikuwa anayapukuchua kama anamlisha kuku.

Na tusidanganyane, hakutaka kuuma tu. Alitaka pia kujitazama kwenye kioo kile anachowasimamishia maharusi wa watu, ajipende. Wapo watakaosema uzuri ni wa roho. Waseme! Wao mashavu yao yamekaa sawa.

Msiniulize kuhusu mchumba. Mchumba alikuwapo, Idarusi, na alimpenda na taya lake lilelile. Alimwambia, "Mimi nimekuchumbia wewe, ukitengeneza utengeneze kwa ajili yako." Mwanamume wa namna hiyo ukimpata mfunge na kamba.

Bi Mwanamvua akawaita wale ndugu watatu kwake, mbele ya majirani. Akafungua sanduku, akatoa kilemba cha marehemu baba yake Mishi, cheupe, kina tarizi ya hariri pembeni. Katika ukoo wao, siku ya harusi bibi harusi mwenyewe humfunga baba yake kilemba kichwani. Kilemba kisipokaa kichwani, mlango haufunguliwi, bwana harusi atasimama nje mpaka aote mizizi. Na anayekivaa ndiye baba wa nyumba ile tangu siku hiyo, haliamuliwi jambo bila yeye.

Bi Mwanamvua akasema, "Mwanangu hana baba. Wallahi, nimeapa mbele yenu, atakayempa Mishi uso anaoutaka, ndiye atakayefungwa kilemba hiki."

Saumu akauliza, "Hata akiwa mwanamke, nyanya?"

"Kilemba hakiulizi ndevu."

Mmeliona kosa lake? Bibi wa watu alidhani kazi ile ni ya mtu mmoja, kama kung'oa jino. Akaapa, na kwao kiapo hakirudi. Kukikata kilemba nako hakuwezekani, ni kumchania marehemu nguo.

Mbwana akarukia. "Kazi yangu hii! Nitalirudisha taya nyuma, basi."

Saumu akasema, "Taya lina nini? Tatizo ni mashavu. Niachieni mimi."

Wakabishana, kila mmoja anataka kumlaza binti wa watu peke yake. Chande akawapita. Alimpima Mishi uso, akaenda zake, akarudi na vichwa vya plasta vimefunikwa kitambaa.

Akafunua cha kwanza. "Huyu ni Mishi, kaka Mbwana akitengeneza taya peke yake."

Bi Mwanamvua akapiga yowe. "Sufuria! Mmenifanyia mjukuu sufuria na masikio yake!" Kweli, taya liliporudi, mashavu yalionekana yametanuka kuliko zamani.

Akafunua cha pili. "Huyu ni Mishi, dada Saumu akitengeneza mashavu peke yake."

"Na huyu ni droo iliyosahauliwa wazi," akasema Bi Mwanamvua. Uso ulipungua juu, taya likazidi kutangulia.

Akafunua cha tatu. "Na huyu ni vyote viwili kwa pamoja, usingizi mmoja, siku moja."

Bi Mwanamvua hakupiga yowe. Alikipakata kile kichwa akakitazama sana, na yeye si mtu wa kumvika mtu kilemba cha ukoka, hasifu asichokipenda. Akasema, "Huyu ni Mishi. Ni Mishi aliyelala vizuri."

Mishi akalia kwa furaha, na Mbwana na Saumu wakatazamana kama paka waliokutana kwenye bakuli moja. Wakakubali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hukumu.

Chande alianza. Akamfunga Mishi nyaya kwenye meno, akayavuta polepole zaidi ya mwaka. Na mjue, nyaya zile kwanza zilimzidishia, taya likaonekana limetoka mara mbili. Bi Mwanamvua akamfuata mpaka kazini. "Nimekuletea nguo uitie kiraka, wewe umeongeza tundu!" Chande akamwambia, "Nyanya, nayapanga kwa ajili ya taya litakapokuwa, si lilipo." Akatengeneza na kibao chembamba cha plastiki, cha kukaa katikati ya meno ya juu na ya chini, kumwonyesha kaka yake taya liishie wapi.

Siku ya upasuaji Mbwana akaingia. Mishi akapewa dawa ya usingizi. Mbwana akapitia ndani ya mdomo, akalikata taya huku na huku, akalirudisha nyuma. Katikati ya mfupa ule umepita mshipa unaoupa mdomo fahamu. Ukikatika, binti atakunywa chai asijue kama inamwagika kidevuni. Upande wa kushoto mshipa ulikuwa umejibanza hasa. Mbwana akautoa taratibu, jasho likimtoka, muuguzi akimfuta. Mshipa ukapona. Taya likaingia kwenye kibao cha Chande, tak! Akalifunga kwa vibamba.

Kisha Saumu. Kipimo cha mashavu kilikuwa kimeshaandaliwa, lakini taya lilipokwisha kukaa, Saumu alitazama akasema, "Ngojeni." Nyama ya uso ilikuwa imejikusanya si kama plasta ilivyosema. Plasta haina nyama, jamani. Angefuata kipimo, Mishi angeamka mashavu yamedidimia, amezeeka kabla ya harusi. Saumu akapunguza kidogo tu, upande mmoja zaidi ya mwenzake, akasukuma mfupa ndani, akafunga. Kidonda kimoja ndani ya mdomo, kingine kidogo kimejificha kwenye nywele mbele ya sikio. Chande mwenyewe, mwenye jicho lake, alikiri kwamba hilo hakuliona.

Mishi akaamka amevimba kama andazi lililozidishiwa hamira. Wiki nzima na zaidi ni uji na supu kwa mrija. Amri ikatolewa kuwa asichekeshwe, kucheka kunamuuma. Amri hiyo ni kwa nani? Kwa Bi Mwanamvua! Bibi ambaye hajui kumwita mjukuu wake ila "mke mwenzangu", ambaye utani kwake ni pumzi! Wakamfungia nje ya chumba. Akawa anachungulia dirishani amejifunga leso kichwani na taulo kidevuni, anajifanya ndiye mgonjwa. Mishi akawa analia machozi ya kicheko, meno yamefungwa kwa mipira midogo ya kubana taya, mm, mm, mm, anamwashiria aondoke. Haondoki.

Uvimbe ukashuka. Mipira ikatolewa. Na taya lilipopona sawasawa, asubuhi moja Mishi alikuwa akishona, mshono ukaisha. Mkono ukaenda kutafuta mkasi. Ukasita. Akapeleka uzi mdomoni, akauma.

Kap.

Alikaa pale na kipande cha uzi mdomoni, nyanya yake akidhani amechomwa na sindano. Kisha akaenda mbele ya kioo cha maharusi. Akajitazama kulia, akajitazama kushoto. Akasema, "Nyanya, nimependeza!" Bi Mwanamvua akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakiuliza nani amezaa.

Ikaja siku ya harusi. Pilau imeiva, udi unafuka, Mishi amevaa gauni alilojishonea. Nje, matwari, ngoma za harusi, yanalia, watu wa Idarusi wamefika mlangoni, wanawake wanaimba, "Tufungulieni, jua linatuchoma, mnatuficha mwali wetu!" Ndani, mlango umefungwa, kilemba kiko mikononi mwa Mishi.

Bi Mwanamvua akasema, "Mke mwenzangu, funga kilemba, tufungue."

Mishi akageuka. Vichwa vitatu vimekwisha kuinama mbele yake, kimoja, cha pili, na cha tatu.

Mbwana akasema, "Bila mimi meno yako yangekutana wapi? Ahera? Na mdomo huo unaoisikia chai yako ni kazi ya mkono wangu."

Saumu akasema, "Bila mimi angekuwa sufuria. Tena ningefuata mlichopanga, leo tungekuwa tunamwoza kizee."

Chande akasema, "Bila mimi mngempasua leo, mkampasua tena kesho, kila mmoja aharibu kazi ya mwenzake. Nani aliyeona kwamba uso ni mmoja?"

"Kuona si kutenda," Mbwana akamjibu. "Hata mimi mwezi nauona."

"Na kutenda bila kuona? Mpe kipofu kisu basi!"

"Nyinyi wanaume," akasema Saumu, "mmoja aliona vibaya, mwingine alifuata kibao. Mimi ndiye niliyesahihisha."

"Ungesahihisha nini kama taya halijarudi?"

"Na taya lingerudi wapi kama meno hayajapangwa?"

Nje, matwari yakazidi. Sauti ya Idarusi ikasikika, maskini, amekwisha kuloa jasho na kanzu yake. "Jamani, mimi nioe leo au mwakani?"

Mishi akasema, "Nyanya, tubadilishe. Kila mmoja apewe chake."

Bi Mwanamvua akatikisa kichwa, na safari hii hakuwa na mzaha. "Baba yako aliacha kilemba kimoja, mwanangu. Na mimi niliapa. Mimi ndiye niliyekosea, nilidhani uso unatengenezwa na mtu mmoja. Lakini mlango ule hautafunguka kwa majuto yangu. Chagua."

Mishi akakikunjua kile kilemba. Akasogea kwa Mbwana, mkono ukamkataa. Akasogea kwa Saumu, mkono ukamkataa. Akasogea kwa Chande, mkono ukamkataa. Akaanza kucheka, akaanza kulia, vyote kwa uso mmoja, na kusema kweli ulimpendeza katika vyote viwili.

Mimi nilipokisikia kisa hiki nikasema ni Mbwana, hilo halina mjadala. Nikaenda kulala, nikaamka nikasema hapana, ni Saumu. Kufika mchana nikiwa nasaga hina, nikasema loo, na Chande je? Mume wangu alisema ni Chande, tukanuniana mpaka chakula kikapoa.

Basi msiniletee jibu la "wote". Kichwa ni kimoja, kilemba ni kimoja, na bwana harusi yuko juani. Wewe ndiye Mishi. Na kabla hujafunga, ujue jambo moja: utakayemruka leo, utamwona kila asubuhi kwenye kioo.

Haya, anza wewe unayecheka. Ungemfunga nani?