Mpira wa Gotini na Mpira wa Kifuani

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni hii zamani ya juzi ambayo waliokuwepo bado wanagombana wakikutana mnadani, palikuwa na msichana mmoja huko milima ya Umatengo, jina lake Skolastika Ndunguru. Walimwita Skola. Alikuwa mrushaji wa timu ya wasichana ya Lihongo. Si mpira wa miguu, si mpira wa pete. Besiboli.

Wengine mtauliza besiboli ndiyo nini. Ngoja niwaeleze upesi, maana ugomvi wenyewe umo humo humo. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja. Mbele yake yuko mpigaji, kashika gongo. Nyuma ya mpigaji kachuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji yuko mwamuzi. Miguuni pa mpigaji pamelazwa kibao cheupe. Mpira ukipita juu ya kibao, usiwe chini mno wala juu mno, na mpigaji asiupige, mwamuzi hupaza sauti: "Straiki!" Straiki tatu, mpigaji katoka. Ukipita pengine, mwamuzi husema: "Boli!" Boli nne, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, yaani kituo cha kwanza kati ya vitatu vya kuzunguka uwanja, anatembea tu, hata jasho halimtoki. Kwa hiyo hapo juu ya kibao ni kama kuna dirisha. Halina fremu, halina kioo. Liko machoni mwa mwamuzi.

Skola alirusha mpira wa gotini. Miaka mitatu alining'iniza gunia nyuma ya jiko la mama yake, akalitoboa tundu usawa wa goti, akarusha mpaka giza linaingia. Mpira wa gotini hauendi mbali hata ukipigwa. Unagonga ardhi na kufa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka miwili nyuma, na kila asubuhi aliamka kwenda kuchuma kahawa ya watu. Mkono wake ndio kitu pekee alichokuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho.

Mahilani, ng'ambo ya bonde, alikuwepo mrushaji mwingine, Eufemia Kapinga. Huyu alirusha mpira wa kifuani, mpira wa moto, unaomfanya mpigaji arudi nyuma kabla hajajijua.

Siku ya fainali akaja Afisa Michezo wa wilaya, Bwana Ezekieli Nyoni, na fomu mkononi. Akasimama katikati ya uwanja.

"Chuo cha michezo kinataka mrushaji mmoja kutoka wilaya hii," akasema. "Miaka miwili ya masomo, kitanda, chakula. Mmoja, sikilizeni vizuri. Mrushaji wa timu itakayoshinda leo ndiye nitakayemwandika."

Skola akautazama mkono wake.

Mwamuzi nyuma ya kibao alikuwa Mwalimu Gaudensi Mapunda, mtu mfupi, mwenye desturi ya kuinama mpaka kidevu kinakaribia bega la mdakaji. Mtu akiinama hivyo, vya chini anaviona sana na vya juu vinampita. Skola akarusha gotini. "Straiki!" Akarusha gotini tena, chini kidogo. "Straiki!" Ya tatu ilikaribia muundi. "Straiki! Toka!"

Eufemia akarusha kifuani. "Boli!" Akarusha kifuani. "Boli!" Akajaribu kushusha, lakini mpira wake ukishushwa hupoa, na wasichana wa Lihongo wakaupiga. Akapandisha tena. "Boli!" Zamu ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Zamu tano zikaisha, Lihongo pointi tatu, Mahilani sifuri. Eufemia hakusema neno. Alikuwa akiuma mdomo tu, na kila akirudi kukaa alijifunika uso kwa taulo.

Basi mchezo ni zamu saba, na kila zamu pande zote mbili hupiga, kila upande mpaka watu wake watatu watolewe. Zamu ya sita, upande wa Mahilani kupiga, Skola akarusha. Mpigaji akaugusa mpira kwa ncha ya gongo, mpira ukabadili njia, ukampita mdakaji, ukamgonga Mwalimu Mapunda kwenye mfupa wa bega. Kila mtu alisikia ulivyolia. Wakamkalisha pembeni, wakaufunga mkono wake kwa kitenge.

Akaletwa mwamuzi aliyekuwa akisimamia besi, Mwalimu Rehani Mbawala. Huyu ni mrefu kama nguzo ya umeme, na goti lake moja bovu tangu ajali ya pikipiki. Hainami. Anasimama wima na kutazama kutoka juu. Mtu akisimama hivyo, vya juu anaviona sana na vya chini vinampotea.

Skola akarusha gotini, pale pale.

"Boli!"

Akafikiri hakusikia vizuri. Akarusha pale pale.

"Boli!"

Mara nne. Mpigaji akatembea besi ya kwanza. Akaja mwingine, naye akatembea. Akaja wa tatu, naye akatembea. Besi zote tatu zikajaa watu, na gongo halijagusa kitu.

Mdakaji wake, Devota Hyera, akasimamisha mchezo na kumfuata. Devota alikuwa msichana mpole, magoti yamevimba kwa miaka ya kuchuchumaa.

"Skola, pandisha," akamwambia. "Huyu ni mrefu. Haoni chini. Nipe mpira wa tumboni."

"Mpira wangu ulikuwa straiki dakika kumi zilizopita."

"Kwa Mapunda. Huyu si Mapunda."

"Kwani mimi nimebadilika? Kibao kimebadilika? Abadilike yeye!"

"Dada, nakuomba. Tuna pointi tatu. Pandisha kidogo tu."

"Rudi mahali pako, Devota."

Devota akarudi. Skola akarusha gotini kwa hasira, na hasira haikuupeleka mpira kombo hata kidogo; ulikwenda usawa ule ule wa tundu la gunia. "Boli!" Mara nne. Besi zikiwa zimejaa, kila boli nne humsukuma mtu mmoja nyumbani, pale kwenye kibao, na hiyo ni pointi. Tatu kwa moja. Devota akainuka tena, akamwonyesha kwa kiganja: juu, juu. Skola akatikisa kichwa. Boli nne nyingine. Tatu kwa mbili. Masikio ya Skola yalikuwa yakivuma. Alitaka mtu mmoja tu uwanja mzima aseme kwamba mpira ule ni halali. Hakuna aliyesema.

Mwalimu wa timu akaingia na kunyoosha mkono. "Lete mpira."

"Mwalimu, unaona mwenyewe!"

"Naona. Lete mpira."

Akampa Devota. Devota hakuwahi kurusha katika mechi. Akamwachia mwenzake kifaa cha kudakia, akasimama katikati, akarusha mipira mizito, ya polepole, ya tumboni, mipira isiyo na ajabu yoyote. Mpigaji wa kwanza akatolewa kwa straiki tatu. Wa pili akaupiga ukaruka juu, ukadakwa kabla haujagusa ardhi, naye akatoka. Wa tatu naye akatolewa. Zamu ikaisha, Lihongo bado wanaongoza.

Zamu ya saba akaingia Eufemia kurusha. Mpira wa kifuani, ule ule wa tangu asubuhi. "Straiki!" sasa. "Straiki!" "Straiki!" Watu watatu, mipira tisa, wote nje. Skola alikaa kwenye benchi akitazama, kucha zimezama kwenye viganja.

Kisha Mahilani wakaja kupiga kwa mara ya mwisho. Devota akatoa mmoja, akatoa wa pili, wa tatu akaponyoka mpaka besi ya kwanza. Akaja kupiga Eufemia mwenyewe. Devota akarusha tumboni. Eufemia akaupiga mpira, ukapaa juu ya uzio, ukaangukia kwenye mibuni ya watu. Mpira ukivuka uzio hakuna wa kuwazuia: yule wa besi akarudi nyumbani, Eufemia akarudi nyumbani. Nne kwa tatu. Mahilani wameshinda.

Sasa ndipo kulipowaka. Kabla hawajapeana mikono, Skola alikuwa ameshafika mbele ya Mwalimu Mbawala.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, na shikamoo ile ilikuwa kama kofi. "Nionyeshe dirisha lako liko wapi."

"Binti, mchezo umekwisha."

"Nionyeshe! Hapa mbele za watu. Linaanzia wapi, linaishia wapi?"

Watu wakasogea. Mbawala akaona hana njia. Akaweka kiganja kimoja juu kidogo ya goti, cha pili kwenye kwapa. "Hapa mpaka hapa."

Skola akageuka. "Na wewe, Mwalimu Mapunda. Samahani kwa bega lako. Lako lilikuwa wapi?"

Mapunda akainuka kwa shida. Akaweka mkono wake mzima kwenye muundi, akaupandisha mpaka kitovuni. "Hapa mpaka hapa."

Mikono ya waamuzi wawili, siku moja, mchezo mmoja, na haikulingana. Kisha kelele zikalipuka. Wazazi wakaanza kushikana mashati. Mmoja akarusha kiti. Bwana Nyoni akapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwa sauti: kuanzia chini ya goti mpaka katikati ya kifua.

"Basi mpira wangu ulikuwa halali!" Skola akapaza sauti. "Mchana kutwa, halali! Sikuuhamisha hata kidole kimoja. Nimeibiwa pointi mbili na mtu asiyeweza kuinama. Mkisema nilishindwa, semeni nilishindwa na goti la Mwalimu Mbawala. Fomu ile ni yangu."

Eufemia akaja mbele, taulo shingoni. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa na hasira kuliko ya Skola.

"Na wangu? Katikati ya kifua, kitabu kimesema. Wangu nao ulikuwa halali. Mimi nimeibiwa zamu tano, Skola, tano, na nilinyamaza. Wewe umeibiwa zamu moja, na bonde zima limekusikia. Ulipopata straiki za kwenye muundi, ulimfuata Mwalimu Mapunda ukamwambia anakosea? Ulizipokea ukacheka. Mimi nilivumilia, nikangoja, nikarusha, nikapiga, nikashinda. Ahadi ilikuwa mrushaji wa timu itakayoshinda. Niandikwe mimi."

Skola alikumbuka ile ya muundi. Alijua wakati ule ule kwamba haikuwa straiki.

Mwalimu wa Lihongo akamsukuma Devota mbele. Devota hakutaka kusema. Akasema.

"Mimi sikuomba kurusha. Nilipewa mpira besi zimejaa, kwa sababu kuna mtu alikataa kusikia. Nimekaa mbele ya Mwalimu Mapunda zamu tano, nilijua anachokiona. Alipokuja Mwalimu Mbawala, mpira wa pili tu nilijua anachokiona. Nikamwambia Skola kwa mdomo, nikamwambia kwa mkono. Huko chuoni kila siku atakuja mwamuzi mwingine, mfupi, mrefu, mwenye miwani. Mtampeleka anayeweza kurusha kwa macho ya mtu mmoja tu?" Akageukia mibuni. "Najua mpira ulioangukia kwenye mibuni niliurusha mimi. Lakini wale watatu wa zamu ya sita, nani aliwatoa?"

Skola akamtazama, akahisi uchungu kuliko alioupata kwa waamuzi wote wawili. "Devota, hata wewe?"

"Nilikuomba, dada. Mara mbili."

Waamuzi nao hawakukubali kubeba lawama. Mapunda akasema, "Dirisha langu lilikuwa chini, sawa, lakini lilikuwa chini kwa wote." Mbawala akasema, "Na langu lilikuwa juu kwa wote. Mlitaka niazime macho ya Mapunda? Nilisimama na niliyozaliwa nayo." Na hapo hata wao wakaanza kutupiana maneno, walimu wazima, mmoja kafungwa kitenge, mpaka Nyoni akawatenganisha.

Gari la wilaya lilikuwa limeshawashwa. Fomu ilitakiwa mjini kabla ya ofisi kufungwa, na ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuandika jina. Kurudia mchezo haiwezekani. Kuandika majina mawili haiwezekani.

Skola akafuta uso kwa mkono wa jezi. "Niandikeni au msiniandike," akasema. "Lakini mtu yeyote asije akaniambia nilirusha vibaya." Akaondoka, akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote, wala Devota. Eufemia akabaki amesimama wima. Devota akakaa chini, akaanza kusugua magoti.

Bwana Nyoni akaiweka fomu kwenye boneti ya gari, akafungua kalamu. Aliandika jina, nami nalijua, na nikilitaja hapa nusu yenu mtainuka mniondokee. Kwa hiyo semeni ninyi kwanza. Mmoja hakuhama palipo halali hata walipomwita mkosaji. Mmoja alidhulumiwa muda mrefu zaidi, akanyamaza, akashinda. Mmoja aliwasoma waamuzi wote wawili, akaokoa alipoweza, akaangusha mwishoni. Kalamu mnayo, mstari ni mmoja, na dereva anapiga honi.

Je, mngeandika jina la nani?