Nafasi Moja ya Kwenda Arobaini

Chumvi ilikuwa imekwisha. Mama alimpa Somoe kisahani aombe kwa jirani. "Naenda, mama," Somoe akaitikia, lakini njiani aliwakuta wenzake wakicheza rede, akaingia kidogo, kisha kidogo tena. Aliporudi na chumvi, ua ulikuwa umejaa watu. Mama alikuwa ameanguka jikoni, na hakuamka.

Tangu siku hiyo Somoe hakusema neno. Baba yake, Nahonyo, fundi baiskeli, alimpikia, akamfulia sare, akamsemesha. Alijibiwa kwa kichwa tu.

Mwalimu Lukia, ambaye pale shuleni hushughulikia watoto wenye mazito moyoni, hakumwita ofisini peke yake. Alimweka kwenye kikundi cha wanne, wote wa darasa la tatu, wakawa wanakaa mkekani ndani ya stoo ya vitabu. Wale wengine watatu kila mmoja alikuwa na chake. Fikiri alijua kunyamaza. Dadi alijua kusema. Esha alikuwa na masikio, na lililoingia humo halikumpa usingizi.

Mwalimu aliweka sheria mbili. Anayeshika kifuu cha nazi ndiye anayesema. Na linalosemwa mkekani halitoki nje; atakayelitoa, harudi tena kikundini.

Sasa sikilizeni walichofanya.

Mara ya kwanza kifuu kilipomfikia, Somoe alikitupa akakimbia. Mara ya pili Fikiri alikishika pamoja naye. Hakumwambia "sema", wala hakumtazama. Walikaa hivyo, mikono minne kwenye kifuu kimoja, mpaka Mwalimu akasema, "Haya, kipite." Somoe hakukimbia tena.

Dadi alikuwa mchekeshaji wa darasa. Siku moja alishika kifuu na hakuchekesha.

"Babu alininyima papai. Nikamwambia, 'Kufa basi.' Akafa kweli. Nimemuua mimi."

"Neno la mtoto haliui mtu, Dadi," Mwalimu akasema. "Babu yako alikuwa mgonjwa."

Dadi, aliyezoea kuwaita wenzake vilialia, akalia mbele yao wote. Baadaye Mwalimu alipotoka, wakiwa wanakunja mkeka, Somoe akanong'ona:

"Mimi sikusema neno. Mimi nilichelewesha chumvi. Ningewahi, mama angekuwepo. Msimwambie baba."

Wakaapa wote watatu.

Esha naye aliapa. Jioni hiyohiyo akaenda kibandani kwa Nahonyo.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli ya baba imepata pancha tena?"

"Si baiskeli." Akamweleza yote. Kisha akasema, "Na mkekani sirudi tena, najua."

Nahonyo akaweka spana chini. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ni mshipa uliopasuka kichwani, na hakuna ambaye angeweza kuuzuia. Yeye aliona hayo si maneno ya kumwambia mtoto. Usiku ule alimwambia.

"Hata ningewahi?" Somoe akauliza kwa sauti iliyokwaruza.

"Hata ungewahi."

"Hata ningekuwa nimesimama palepale?"

"Hata mimi ningekuwa nimesimama palepale."

Kesho yake Somoe alivuka uwanja wa shule, akasimama mbele ya Esha, akapaza sauti: "Mmbea wewe! Si uliapa?"

Shule nzima ikageuka. "Kasema!" Dadi akapiga kelele. "Na kaanza na matusi!"

Esha alikuwa anacheka na kulia. Mwalimu Lukia alimwangalia, akashindwa kujua amwadhibu au amkumbatie.

Ikafika arobaini ya mama, nyumbani kwa bibi, mbali. Usiku, siku mbili kabla ya safari, Somoe alimwambia baba yake, "Ule ua wa bibi siwezi kuuingia bila rafiki. Nikiwa peke yangu nitanyamaza tena."

"Rafiki yupi? Pikipiki niliyoazima ina nafasi ya mmoja tu zaidi yako."

"Bila Fikiri ningekuwa bado nakimbia. Bila Dadi nisingefungua mdomo. Esha nimemkasirikia, lakini bila yeye hadi leo ningeamini nimemuua mama." Akajifunika kanga. "Chagua wewe, baba."

Asubuhi ya safari Nahonyo alifika shuleni kabla ya kengele, Somoe akiwa amemshika kiunoni. Watoto watatu walikuwa wamesimama langoni na nguo zao za Ijumaa, maana Nahonyo alikuwa amewaombea wote ruhusa kwa wazazi wao. Esha alisimama nyuma kidogo ya wenzake. Nahonyo akazima pikipiki. Akauhamisha mkoba wa nguo, akauweka mbele yake juu ya tangi, na nyuma ya Somoe ikabaki nafasi ya mtoto mmoja. Akaipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu, kisha akawatazama wote watatu.

Nanyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo: wewe ungempandisha nani?