Wageni Elfu na Tisa wa Sultani Bwaza

Hapo zamani, enzi ambazo hesabu zilikuwa na adabu kuliko watawala, palikuwa na Sultani akiitwa Bwaza, aliyependa namba kuliko watu. Basi alipomwoza binti yake akaalika wanaume elfu moja na tisa, kwa kuwa wanazuoni wake walimwambia idadi hiyo haigawanyiki mafungu sawa.

"Kama enzi yangu!" akasema Sultani, na baraza zima likaitikia, "Naam!"

Mmoja akacheka. Huyo alikuwa Msabaha, msuka kamba, fukara asiye na kanzu ya pili, tena hakualikwa. Alikuja kufunga turubali tu.

"Unacheka nini, ewe Msabaha?"

"Namba yako ina kiburi, Seyyid yangu."

"Basi ivunje. Kila atakayekula ukumbini humu akae kwenye sinia, na masinia yote yawe na watu sawasawa. Mtu asile peke yake, wala wote wasirundikane sinia moja. Humfukuzi mgeni wala huongezi mgeni. Ukishindwa, wewe na mama yako mtauhama mji kabla ya alasiri."

Msabaha akamkumbuka mama yake, ambaye hata mlango alikuwa haufikii bila kushikwa mkono. Akaanza kukalisha watu. Wanne wanne, akabaki mmoja. Sita sita, mmoja. Saba saba, nane nane, tisa tisa, ikawa ni mmoja tu, na kila mara ni Mzee Chandu, muuza maji.

"Mwanangu," akalalama mzee, "hesabu hii ina ugomvi na mimi?"

Pilau ikaanza kupoa. Msabaha akawapanga watano watano, wakabaki wanne, Mzee Chandu na wenzake watatu, wamelizunguka sinia lenye nafasi moja wazi. Akaitazama nafasi ile, kisha akamtazama Sultani, aliyeketi juu peke yake na sahani ya dhahabu.

"Seyyid yangu, pilau hiyo utaila?"

"Ningekwisha kuila, kama si wewe!"

"Basi nawe ni mwenye kula ukumbini humu. Wala sikuongeza mgeni, maana wewe si mgeni, ndiwe mwenyeji. Na amri yako yasema mtu asile peke yake."

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama dari. Basi Sultani akashuka, akakunja miguu mkekani, ikawa masinia mia mbili na mawili, watano watano. Mzee Chandu akamsogezea nyama, kama ilivyo desturi kwa aliyechelewa.

"Kula, baba. Usione haya."

Sultani akala, akanogewa, kisha akamwona Msabaha amesimama kando, anameza mate.

"Nawe mbona huli?"

"Nikila, Seyyid yangu, tutakuwa elfu moja na kumi na mmoja. Watano watano, mmoja atabaki, nami nitahamishwa mji."

Sultani akacheka hata wali ukampalia, akaamuru Msabaha apewe sinia zima la kujitwika kichwani, akale kwa mama yake. Huko walikula wawili, sinia moja, na hakuna aliyewahesabu.