Pimbi, Nyani na Simu Isiyotaka Mikono

— Enyi wenye masikio!
— Tumeyaleta yote mawili!
— Yamezibwa?
— Yamezibuliwa!
— Basi kaeni vizuri, maana mimi nikishaanza sirudi nyuma.
— Anza, tuko nawe!

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, wanyama walipokuwa wameshajua simu lakini hawajajua adabu, Pimbi alifiwa na mkewe.

Walikuwa wakikaa kwenye mwanya wa jiwe kubwa, juu ya mashamba ya mahindi. Nyumba yao ilikuwa nyembamba. Wakitaka kupishana, ilibidi mmoja arudi kinyumenyume. Sasa Pimbi akawa anaingia na kutoka bila kupishana na mtu.

Bi Pimbi aliacha vitu vichache: mkeka, kikapu, na simu ya kugusa pamoja na visikizi vyake, vile vidude viwili vya kutumbukiza masikioni visivyo na waya. Alivinunua ili apige simu huku akichuma majani. Unataja jina la mtu, simu inampigia. Ndivyo alivyoambiwa na muuzaji. Lakini simu ile ilikuwa na kipenzi chake. Uiambie impigie nani, yenyewe itampigia Shangazi Pelele, anayekaa mtini ng'ambo ya mto. Siku moja Bi Pimbi alibonyeza pasipostahili, simu ikaurekodi ugomvi wao wote:

"We simu we! Nimesema mpigie mume wangu! Mume wangu, si shangazi! Hee, inampigia shangazi tena! Wallahi nitakutia kisimani, ukawapigie vyura!"

Hiyo ndiyo sauti pekee ya Bi Pimbi iliyobaki duniani. Kila alasiri Pimbi alikaa mlangoni akaisikiliza. Kisha akaenda kuchuma majani.

Siku ya kuanua matanga, jamaa walikusanyika kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Mkeka ukaenda kwa dada yake. Kikapu kikaenda kwa rafiki yake. Simu, wote wakakubaliana, ibaki kwa mume. Hapo ndipo aliposimama Nyani, Mwenyekiti wa bonde zima. Kifua chake kilikuwa kama gunia, na sinia la ubwabwa alikuwa amelimaliza peke yake.

"Simu nipeni mimi," akasema.

"Ni ya mke wangu, Mwenyekiti," Pimbi akasema.

"Mke wako anataka kumpigia nani sasa?"

Jamaa wakainamisha vichwa. Nyani akaichukua simu. Akachukua na visikizi.

"Mwenyekiti, humo ndani mna sauti yake."

"Nitaifuta. Nitatembeaje na sauti ya mke wa mtu? Watu watasema!" Akacheka, he he he, peke yake.

"Utaifuta lini?"

"Nikishajua pa kubonyeza."

Pimbi akanyamaza. Lakini yuko anayenyamaza kwa sababu amekubali, na yuko anayenyamaza kwa sababu anahesabu hatua zake. Pimbi alikuwa huyo wa pili. Nyani hakujua pa kubonyeza leo. Kesho angeweza kujua.

Asubuhi yake Pimbi akapanda hadi kwa Nyani. Akamkuta amepachika visikizi masikioni, simu mkononi, anapiga makelele mpaka ndege wamehama mti.

"Mpigie mke wangu!"

Ti-tii! "Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

"MPIGIE MKE WANGU!"

Ti-tii! "Nampigia Shangazi Pelele."

"Hapana! Kata! Kata, nasema!"

"Haloo!" Shangazi Pelele alinguruma kwa nguvu hata Pimbi akamsikia kwa nje. "Ni wewe tena? Umenipigia nikinawa, umenipigia nikila, sasa unanipigia nimejilaza! We mwanaume huna kazi?"

Nyani akaigeuza simu huku na huku, akaipuliza, akaitikisa. Kisha akamwona Pimbi.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuelekeza, Mwenyekiti. Simu haina ubaya. Ubaya uko kwenye mkono wako."

"Mkono una nini?"

"Umeishika simu. Hii ni simu ya kutumia bila mikono. Visikizi vinaisikia hata ukiiweka chini. Mke wangu alikuwa akiiweka juu ya jiwe, mwenyewe anachuma majani kwa mikono miwili."

Hayo ya kuiweka chini yalikuwa kweli tupu.

Nyani akautazama mkono wake kama aliyeuona kwa mara ya kwanza. Sasa jueni jambo moja. Nyani wakienda kuiba mahindi, humweka mwenzao mmoja juu ya kichuguu awe mlinzi. Akiwaona mbwa hubweka "Wahuu!" na wote hutoka mbio. Na mlinzi hupewa fungu lake, sawa na la waliovuna. Fungu lile lilikuwa likimuuma Mwenyekiti kuliko jino bovu.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "nikiwa na hivi masikioni, mlinzi ni wa nini? Mbwa wakitokea nawaita wanangu kwa mdomo tu, waje wanitetee."

"Umesema wewe, Mwenyekiti."

"Na mahindi yote yangu."

"Umesema wewe."

Mchana, wenye shamba walipokwenda kula, Nyani akashuka peke yake. Akaiweka simu juu ya jiwe ukingoni mwa shamba.

"Na wewe Pimbi, kaa mbali nayo! Nikigeuka nikuone!"

"Niko juu kwenye mawe yangu, Mwenyekiti. Geuka wakati wowote."

Nyani akaingia mstari wa kwanza. Kwachu! Hindi mkono wa kulia. Akageuka: simu ipo, Pimbi yuko juu. Akaingia mstari wa pili. Kwachu! Hindi mkono wa kushoto. Akageuka: simu ipo, Pimbi yuko juu. Akaendelea. Kwachu! Kwapa la kulia. Kwachu! Kwapa la kushoto. Kwachu! Kinywani. Kwachu! Katikati ya kidevu na kifua. Na hindi likishabanwa kati ya kidevu na kifua, shingo haigeuki tena.

Pimbi akiwa juu aliyaona mabua ya mahindi yakitikisika mbali, mbali zaidi. Alijua kinachosemwa sasa mle masikioni, maana mkewe alikuwa akikilalamikia kila akienda kuchuma majani upande wa pili wa mawe. Ti-ti-ti! "Simu iko mbali." Ti-ti-ti! "Simu iko mbali." Lakini mahindi ya mbele yalikuwa manene kuliko ya nyuma, na Nyani alikuwa anakwenda mbele.

Ti-ti-tiii! "Inatafuta simu. Inatafuta simu."

Pimbi akashuka. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake, akakichukua, akapanda nacho.

Alipofika juu akawaona mbwa wakiingia shambani. Pimbi ni jirani, na jirani anapoona mbwa hulia. Akasimama wima juu ya jiwe akalia, "Kweee! Kweee!" Swala akasikia akaondoka. Kanga wakasikia wakaruka. Masikio yote ya bonde yalisikia, isipokuwa mawili yaliyozibwa.

Bwe! Bwe! Bwe!

Nyani aliwajua mbwa kwa mkia wake. Akaruka juu, "Mmm! Mmmpg wmmgu!" kwa mdomo uliojaa hindi.

"Inatafuta simu," visikizi vikamjibu.

"Mmmpg wmmmgu!"

"Inatafuta simu."

Akatimua mbio. Hakutupa hindi hata moja, yalimdondoka yenyewe. La kwapani pu! La kidevuni pu! La mdomoni pu! Mbwa nyuma, Nyani mbele, manyoya ya mkia hewani.

Wakati huo Pimbi alikuwa ndani ya mwanya wake, simu mapajani. Akabonyeza panapostahili. Bi Pimbi akaanza kufoka, akafoka vizuri, akaapa kuitia simu kisimani ikawapigie vyura. Pimbi akacheka. Hakuwa amecheka tangu maziko.

Akasikia kishindo nje. Nyani amefika, mkono wa kushoto umeushika mkia uliojeruhiwa, mkono wa kulia umeshika hindi lililosalia. Mkono wake, hata angeutia mwanyani, ungekwama kwenye kiwiko, hilo alilijua.

"Nipe simu!"

"Sikupi," Pimbi akasema.

"Unasemaje?"

"Sikupi!"

"Sema kwa sauti, we mbilikimo!"

"SIKUPI!"

Nyani alitikisa kichwa. Visikizi vilikuwa vimekaza. Akautazama mkono wa kushoto: akiuachia mkia, damu itatoka. Akautazama mkono wa kulia: akiliachia hindi, atakuwa amerudi mikono mitupu. Akasugua sikio kwenye jiwe, wapi. Akasugua la pili, wapi. Mwisho akaliweka hindi chini, taratibu, akalikanyaga kwa mguu, akachomoa visikizi.

"Haya. Sema sasa."

"Sikupi, Nyani. Si leo, si kesho, si ukija na bonde zima. Uliichukua mbele ya jamaa wakainama. Mimi sikuinama; ndivyo nilivyo mfupi. Ukitaka sauti ya mke, nenda nyumbani ukazungumze na wako. Yuko hai, bwana! Hahitaji kisikizi!"

Nyani akageuka aende, na mguu ulipoinuka, kunguru akashuka, kwaa! akalibeba hindi.

"Visikizi je?" Nyani akanong'ona.

"Kaa navyo," Pimbi akasema. "Vina mazoea ya kutafuta."

Basi, ndugu zangu, fundisho la ngano hii ni hili. Mkubwa akitaka kitu chako, mpe upesi na umshukuru. Vitu vya marehemu ni vya mwenye kifua kipana. Na ukienda kuiba, nenda peke yako, tena uzibe masikio vizuri.

— Wanaoliafiki fundisho hili wanyooshe mikono!
— Hanyooshi mtu!
— Hata mmoja?
— Hanyooshi mtu!
— Basi ngano yangu naifunga hapo. Anayeidai, aje mwenyewe kuichukua.
— Hatumpi!