Kaburi la Bi Siyajabu na Majoho Matatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, zamani ya juzi tu, wasomi walipoanza kuwa wengi kuliko kazi, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kwamsolwe. Waislamu wamo, Wakristo wamo, na wengine ukiwauliza dini ya ukoo wao inabidi wakae kitako kwanza wahesabu mashangazi.

Mji ule ulikuwa na desturi moja. Akifa Mwislamu, kaburi wanachimba Wakristo. Akifa Mkristo, wanachimba Waislamu. Mfiwa hashiki jembe. Kuosha, kuombea, kuzika, kila mtu na dini yake, lakini shimo ni kazi ya jirani. Nani alianzisha? Hakuna ajuaye. Watu walichimba, wakala makande ya msiba, wakaenda zao. Hakuna aliyeliita jambo lile amani. Waliliita kuchimba.

Basi mbali kidogo na hapo palikuwa na chuo, na chuo kina masomo ya uzamili: Elimu ya Dini na Ujenzi wa Amani baina ya Dini. Jina refu, ukilimaliza kulitaja chai imepoa. Wanafunzi watatu walikuwa karibu kuhitimu: Elieza Mntambo, Mkristo, mwalimu wa dini, Hamdani Sekidia, ustadhi wa Kiislamu, na Fortunata, mwanamke mwenye sauti nzuri, bingwa wa warsha. Kila mmoja alitakiwa apate mji wenye ugomvi, aupatanishe, auandike, avikwe joho. Wakapelekwa Kwamsolwe.

Wakatafuta ugomvi. Ugomvi hamna. Wakatafuta tena. Hamna! Yaani umesoma miaka miwili namna ya kupatanisha watu, unafika unawakuta wanakula sahani moja. Si hasara hiyo?

Elieza akasema, "Ugomvi upo, umejificha. Nitauuliza." Akagawa dodoso nyumba kwa nyumba. Swali la saba lilisema: *Unapomchimbia kaburi mtu wa dini nyingine, unaumia kiasi gani? Kidogo, wastani, au sana?* Kisanduku cha "siumii" hakikuwepo. Watu wa Kwamsolwe ni watu wa heshima, mgeni akiuliza hujibiwa. Wakatia alama. Usiku ule mume akamwambia mke, "Kumbe nilikuwa naumia wastani." Mke akasema, "Mimi sana."

Walipokwisha kujua wanaumia, wakamwendea Hamdani. "Ustadhi, hii desturi yetu imeandikwa wapi?"

Hamdani akafungua vitabu. Akafungua, akafunga, akafungua, akafunga. Akasema, "Sijaona ilipoandikwa."

Hayo tu! Hakuna aliyemuuliza, "Je, imekatazwa?" Naye hakusema. Mtu ana kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, ana elimu ya kujaza kabati, na neno moja la kuwaokoa watu likamshinda kutoka mdomoni eti hakuulizwa. Watu wakarudi majumbani wakitazamana pembeni. Desturi haijaandikwa! Basi tulikuwa tunafanya nini miaka yote?

Hapo Fortunata akaona kazi yake imeiva. Akaitisha warsha ya siku tatu, na vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, kwa watu wanaojuana tangu kuzaliwa. Mwisho wa warsha akatoa Mkataba wa Amani wa Kwamsolwe, kurasa kumi na moja. Kifungu cha nne: *Hakuna jembe litakalogusa ardhi ya kaburi kabla fomu haijatiwa saini na makatibu wote wawili, wa Waislamu na wa Wakristo.* Watu wakapiga makofi. Picha zikapigwa. Ile desturi ambayo haikuandikwa sasa imeandikwa, nini tena?

Ngojeni.

Alikuwepo bibi mmoja Mwislamu, Bi Siyajabu, ameumwa muda mrefu. Binti yake wa pekee, Mkejina, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Jambo moja tu yule bibi alimsihi mwanawe. "Mwanangu, siogopi kufa. Ila usinilaze ndani. Jua lisizame mimi nikiwa juu ya ardhi."

"Halitazama, mama. Naapa."

Siku ya Alhamisi alfajiri Bi Siyajabu akakata roho. Kufika saa nne ameoshwa, amekafiniwa. Wakristo wakaja kama kawaida yao, wanaume arobaini, majembe begani, mbele yao Mzee Shemdoe, mkuu wa wachimbaji. Wakasimama makaburini. Wakasimama tu.

Mkejina akatoka. "Baba Shemdoe, mbona hamchimbi?"

"Fomu, mwanangu. Makatibu hawapo."

"Wako wapi?"

"Chuoni. Wameitwa kwenye kongamano, waonyeshwe kwa wageni jinsi tunavyoishi kwa amani."

Wakapigiwa simu. Simu zimezimwa, maana kwenye ukumbi wa amani simu hailii. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaswaliwa. Wanaume arobaini, na majembe arobaini, wanaiogopa karatasi moja!

Mkejina akawageukia Waislamu wenzake. "Jamani, basi chimbeni ninyi!"

"Sisi? Mkataba unasema zamu yao. Tukichimba tutaambiwa tumeuvunja."

"Mama yangu ataingia usiku humu ndani!"

"Subira, dada. Subira ni imani."

Nyoo! Subira ya maiti ya mwenzio ni rahisi sana.

Mkejina akamnyang'anya Mzee Shemdoe jembe lake na kupiga ardhi. Mwanamke, na mfiwa, anachimba kaburi la mamake, jambo ambalo mji ule haukuwahi kuliona. Wanaume wakatazama chini. Mmoja akasema, "Pole." Mwingine akasema, "Huyo anavunja kifungu cha nne." Jua lilizama shimo likimfika magotini.

Bi Siyajabu alilala ndani. Asubuhi makatibu walirudi na mikoba mipya ya kongamano, wakatia saini, wakakosea tarehe, wakajaza fomu nyingine. Ndipo akazikwa.

Siku ya mahafali Mkejina akaenda chuoni na kanga yake ya msiba. Akapita katikati ya ukumbi mpaka mbele. Akasimulia yote, hakupunguza, hakuongeza. Mkuu wa chuo akajifuta jasho. "Mama, tumesikitika. Lakini hatuwezi kufuta darasa zima. Wafadhili wameketi pale. Nitamvua joho mmoja. Sema nani."

Elieza akaruka. "Si mimi! Mimi niliuliza tu. Tangu lini swali likaua mtu? Hamdani ndiye aliyewatia shaka, na Fortunata ndiye aliyezuia majembe."

Hamdani akasema, "Si mimi. Niliulizwa, nikajibu kweli. Mlitaka niseme uongo? Bila dodoso lako wasingekuja kwangu. Na mkataba ule sikuuandika mimi."

Fortunata akalia, akalia vizuri. "Si mimi. Hawa wawili walibomoa, mimi peke yangu nilijaribu kujenga. Nikikosea, nilikosea nikiwa natengeneza. Wao walitengeneza nini?"

Mkejina akawatazama mmoja mmoja. Kisha akageuka, akawaona nyuma ya ukumbi wanaume wa Kwamsolwe, arobaini wote, wamealikwa kula pilau ya mahafali. Sahani zimejaa.

"Na ninyi, Baba Shemdoe?"

Mzee Shemdoe akameza tonge kwanza. "Sisi, mwanangu, tulifuata utaratibu. Sisi joho hatuna. Utatuvua nini?"

Mkejina akabaki amesimama pale, mkono umeinuka, kidole hakijui kielekee wapi, na mkuu wa chuo anatazama saa.

Haya, wajuzi, semeni. Je, nani alistahili kuvuliwa: aliyeuliza, aliyejibu, au aliyeandika? Au wale walioshika jembe mchana kutwa na wasipige hata mara moja? Na wewe unayecheka hapo pembeni, wewe hasa: siku ile ya Alhamisi, jembe liko begani kwako na fomu haijasainiwa, ungechimba?