Siku Vivuli Vilipoingia Chini ya Miguu

Paukwa!

Pakawa.

Palikuwa na kosa, pakawa na aliyelijua. Nikiimba, itikieni; nikinyamaza, ningojeni.

Hapo zamani za kale, katika bonde lililokaa chini ya mlima mkubwa, wanyama waliishi kama watu na kusemezana kama watu. Walikuwa na wasia mmoja kutoka kwa wahenga wao: mlima ukinguruma mara tatu kabla ya jua kuchomoza, dunia itakwisha siku hiyo hiyo, pale jua la utosi litakapovitia vivuli chini ya miguu ya wenyewe.

Miaka ikapita, mlima usinene. Hata alfajiri moja, ukanguruma. Nungunungu akaamka. Ukanguruma mara ya pili, vyungu vikagongana. Ukanguruma mara ya tatu, kisha kimya.

Mbega, mpiga mbiu wa bonde, akapanda juu ya mti akapuliza pembe.

"Enyi wa bondeni, la mgambo limelia. Wasia mnaujua. Adhuhuri hatutakuwapo. Aliye na wake wa kumwomba radhi, na aende."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao. Msafiri huomba radhi, mgonjwa huomba radhi. Seuze siku ambayo wote wanasafiri pamoja?

Swala akawakusanya wanawe, akawalambisha chumvi hadi wakashiba. Bi Kanga akashika ufagio, akafagia uwanja wake.

"Bibi, wafagia ili apite nani?" akauliza jirani yake Ngiri.

"Nafagia kwa kuwa ni asubuhi. Na wewe manyoya hayo ungeyachana. Huendi kwa Mola hivyo."

Naye Fisi akasimama katikati ya uwanja, machozi yakimtiririka.

"Nisameheni, jamaa zangu. Mtoto wa Swala aliyepotea, ni mimi. Mayai ya Bi Kanga, ni mimi. Ngoma iliyotobolewa siku ya harusi, ni mimi pia. Nilidhani ni nyama."

Wakalia, wakacheka, wakamsamehe. Swala aligeuza uso, lakini naye akasema, "Nimekusamehe." Nani awekaye chuki ya saa sita?

Nungunungu peke yake alibaki mlangoni pake, ulimi mzito. Alikuwa na kosa moja, na kosa lenyewe lilikuwa hili.

Mwaka wa njaa, bonde zima liliweka akiba ya viazi vikuu ghalani, viwe mbegu. Nungunungu akachimba chini ya ukuta, akavila. Asubuhi wakakuta shimo. Wakaulizana, "Nani achimbaye hapa kwetu?" Wote wakamtazama Mhanga, kwani hakuna kucha zichimbazo kama za Mhanga. Mhanga akaapa, wasimsadiki. Nungunungu, rafiki yake wa kula na kulala, akanyamaza. Mhanga akafukuzwa, akaenda kukaa ng'ambo ya vilima vitatu. Na lile pango alilolichimba kwa kucha zake, sasa alilala nani humo? Nungunungu.

"Siwezi kufa na hili," akajiambia. Akatazama kivuli chake. Kilikuwa kirefu, kimelala kama mti ulioanguka. Akashika njia, akaimba:

*E kivuli usinywee, safari haijafika;*
*Neno langu lingojee, kinywani halijatoka.*

Kwenye kilima cha kwanza, Fisi akamfuata mbio.

"Wapi, Bwana Miiba?"

"Kuomba radhi kwa Mhanga."

"Kwa mwizi yule? Vilima vitatu hivyo, utafia njiani. Mimi nimesema yangu matatu, sasa ni mwepesi kama unyoya. Ninong'oneze hapa, nitakupokelea."

Nungunungu akasita. Maneno yalimfika ukingoni mwa midomo. Kisha akasema, "Radhi ya Mhanga haikai kinywani mwa Fisi." Akaenda zake. Kivuli kilikuwa urefu wake sawasawa.

*E kivuli usinywee, safari haijafika;*
*Neno langu lingojee, kinywani halijatoka.*

Kwenye kilima cha pili, moyo wake ukamwambia, "Keti upumzike. Mungu amekwisha kujua, yatosha."

Akaujibu, "Mungu anajua. Mhanga hajui." Akaenda zake. Kivuli kilikuwa nusu yake.

Kilima cha tatu kilikuwa cha mawe, na mawe yalikuwa ya moto. Akapanda akiteleza, akashuka akibiringika. Alipofika mlangoni kwa Mhanga, kivuli kilikuwa upana wa kifuu cha nazi.

"Hodi! Hodi, Mhanga!"

"Karibu."

Mhanga akatoka akipepesa macho. Yeye huingia kulala kabla ya alfajiri, ndani kabisa ya ardhi. Mlima hakuusikia, na mbiu haikuvuka vilima vitatu.

"Ndugu Nungunungu. Hujambo?"

"Sijambo, ndugu yangu, nina neno..."

"Neno halitangulii salamu. Hawajambo bondeni?"

"Hawajambo."

"Bi Kanga na mgongo wake?"

"Anafagia. Mhanga, nisikilize..."

"Mvua mlipata?"

"Tulipata."

"Alhamdulillahi. Ngoja, basi. Mgeni hasemi na koo kavu."

Akaingia ndani kuchota maji. Kivuli kikawa upana wa kidole. Nungunungu akafungua kinywa amwite, sauti isitoke. Kivuli kikaingia chini ya miguu yake. Akafumba macho, miiba ikamsimama yote.

Akangoja. Nzi akapita sikioni pake. Akangoja tena. Nzi akarudi.

Alipofumbua macho, Mhanga alikuwa mbele yake, ameshika kata ya maji. Na upande wa pili wa miguu, kivuli kilikuwa kimechungulia, chembamba kama uzi. Dunia haikwisha.

Nungunungu akanywa.

"Haya," akasema Mhanga, "koo limelowa. Ulikuwa na neno gani?"

Nungunungu akatazama nyuma. Hakuna aliyemfuata. Hakuna aliyejua. Angeweza kusema, nimekuja kukusalimu tu, na kesho akaamka na jina lake jema. Kufa na aibu ni kwa saa moja. Kuishi nayo ni kwa miaka. Akaitua kata chini.

"Viazi vya akiba nilivila mimi," akasema. "Walipokutazama wewe, nikanyamaza."

Mhanga akaiokota kata, akamwaga maji yaliyobaki. Kisha akauliza, "Mama yangu yu hai?"

"Alifariki masika yaliyopita."

"Alifariki akijua amezaa mwizi."

"Ndiyo."

"Utayasema haya mbele ya bonde?"

"Nitayasema."

"Tangulia."

Walipofika bondeni, walikuta uwanja umejaa ugomvi. Fisi alikuwa juu ya jiwe, macho makavu.

"Yale ya asubuhi yalikuwa maneno ya kufa," alisema, "na hatukufa, basi hayamo. Mtoto wa Swala? Labda alipotea njia. Mayai? Nyoka. Ngoma? Ilizeeka yenyewe."

Nungunungu akapita katikati yao, akasema kosa lake lote, mwanzo hata mwisho.

Mbega akamwuliza, "Jua limekwisha kupita utosi. Nani amekulazimisha?"

"Hakuna."

Akapiga magoti mbele ya Mhanga. "Niwie radhi, ndugu yangu."

Mhanga akamtazama. "Njoo kesho," akasema.

Kesho yake Nungunungu akaenda penye pango, alilokwisha kumrudishia Mhanga. Mhanga akasema, "Njoo kesho." Siku ya tatu akamkuta Mhanga kaburini kwa mama yake, anang'oa magugu. Nungunungu akainama, akang'oa naye, ubavu kwa ubavu, hadi kaburi likawa safi.

Ndipo Mhanga akasema, "Nimekuwia radhi. Na miiba yako isogeze, inanichoma."

Ama Fisi, tangu siku ile akitoa salamu hapati mwitikio, hata akiapa kwa kilio.

Nanyi mlioketi hapa, shikeni hili: radhi iombwayo kwa hofu ya kufa ni nyepesi, hupeperuka hofu ikiondoka. Radhi nzito ni ya yule aliye na kesho ya kuona haya, naye akasema.

Ngano yangu naitua hapa kama mzigo wa kuni. Aliyeiona tamu achukue kijiti akawashie moto kwao. Aliyeiona chungu aniachie, nitaibeba mwenyewe.