Bambo la Mama Sekela

Ndugu zangu, hii imenifikia leo asubuhi kwenye kundi la ukoo, na chai yangu imepoa nikiisoma. Kama una mtoto aliyemaliza kidato cha sita na ana barua mbili mkononi, acha unachofanya, usome mpaka mwisho. Kama huna, mrushie aliye naye.

Palikuwa na mama mmoja huko Mbozi, mfanyabiashara wa maharage, wakimwita Mama Sekela. Sokoni walimheshimu sana na kumwogopa kidogo, na sababu ilikuwa bambo lake. Kwa asiyelijua, bambo ni kile kichuma chenye ncha na mfereji: unakichoma ubavuni mwa gunia, na punje za katikati zinateremka zenyewe mpaka kiganjani. Muuzaji akifungua gunia na kuonyesha maharage yanayong'aa, wanunuzi wengine huchota konzi moja wakasema safi, pima. Mama Sekela hata hakuangalia pale juu. Alichoma katikati, akachoma chini, akanusa, akavunja punje moja kwa jino.

"Juu ya gunia kila mtu ni mkulima bora," alikuwa akisema. "Nionyeshe tumboni."

Mumewe alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Sekela. Na binti huyo, jamani! Acha nimsifu, maana kumsifu mtoto wa mwenzio si dhambi. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, Sekela alikuwa na divisheni wani ya pointi tatu: A ya Fizikia, A ya Kemia, A ya Hesabu. Soko zima lilipiga vigelegele. Hata muuza vitunguu, aliyekuwa hasemeshani na Mama Sekela tangu Pasaka, alikuja kumkumbatia huku analia.

Baada ya wiki kadhaa zikaja barua mbili. Mama Sekela aliishia darasa la nne na barua za kiofisi zilimchosha, kwa hiyo akaitwa Mwalimu Mwaijande, aliyemfundisha Sekela hesabu sekondari, azisome kwa sauti.

Ya kwanza ilitoka chuo kikubwa, kile ambacho kila mtu analijua jina lake. Walimtaka Sekela kwenye programu yao ya wanafunzi bora, Kundi la Nyota. Ufadhili wa kila kitu: ada, chumba, chakula, hadi kompyuta ya mkononi. Ya pili ilitoka chuo kidogo ambacho Mwalimu ilibidi alirudie jina lake mara mbili ndipo watu wakalisikia. Nacho kilikuwa na programu ya wanafunzi bora, nafasi kumi na mbili tu kwa mwaka. Lakini chenyewe kinalipa ada peke yake, tena kwanza aje kuhojiwa, yeye na mzazi wake, pamoja na ripoti zote nane za sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne.

"Sasa hapa kuna la kufikiri?" akasema Ambakisye, mdogo wa marehemu. "Shemeji, huyu anakupa ng'ombe mzima, yule anakupa kwato. Chukua ng'ombe!"

Mama Sekela akazichukua zile barua, akazipima mkononi. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na miaka minne ya mtoto huyo ilikuwa ndani ya zile bahasha mbili. Akikosea hapa, hakuna msimu mwingine wa kurekebisha.

"Shemeji," akasema, "mimi sijawahi kununua gunia kwa kusomewa barua. Nitakwenda kuvichoma vyote viwili."

Ambakisye akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu Mwaijande hakucheka.

Asubuhi ya safari Mama Sekela alipanga vyeti kwenye bahasha kubwa. Zile ripoti nane akazipitia moja moja. Akachomoa moja, akaisukuma chini ya godoro. Nitawaambia ni ipi, msiwe na haraka.

Wakaanza na chuo kikubwa. Getini mlinzi alipopekua mkoba wa mama akatoa bambo, akarudi nyuma hatua nzima.

"Mama! Hii si silaha?"

"Ya maharage hiyo, mwanangu."

"Hata kama. Utaichukua ukitoka."

Huwa analibeba popote, kama wengine wanavyobeba miwani. Basi akaliacha, wakaingia. Na pazuri kweli, tusidanganyane. Vioo, maua, maktaba ya ghorofa nne. Kijana nadhifu wa ofisi ya udahili aliwapokea kwa heshima, akawapa maji ya baridi, akawaonyesha ukuta wenye picha za wanafunzi waliopata tuzo. Sekela macho yakamng'aa. Mama Sekela akaziangalia picha zote, akamgeukia yule kijana.

"Baba, hongereni sana. Sasa nionyeshe mmoja aliyeteleza."

"Aliyeteleza? Mama, Kundi la Nyota hawatelezi."

"Mwaka juzi mliwachukua wangapi?"

"Arobaini."

"Na leo wamebaki wangapi?"

Kijana akaangalia kwenye kompyuta. "Ishirini na sita."

"Hao kumi na wanne wako wapi?"

"Wastani wao ulishuka, mama. Ukishuka chini ya kiwango, ufadhili unakoma siku hiyo hiyo. Ni masharti, yapo hata kwenye barua."

"Masharti nimeyaelewa. Nauliza wako wapi."

Kijana akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, maskini, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. "Kwa kweli, mama, hatufuatilii."

Mama Sekela akashukuru, akanywa maji yake yote, wakatoka. Nje akamwambia binti yake, "Pale juu nimepapenda. Tumboni sijapaona."

Siku ya tatu wakafika chuo kidogo. Hapo hakuna vioo vya kutisha. Rangi imebabuka ukutani na kengele ni kipande cha reli kilichoning'inizwa. Mlinzi wa hapo naye alilishika bambo, lakini yeye alilijua. "Kwetu Kibondo tunalo," akasema, akaliweka dirishani vizuri.

Mkuu wa programu alikuwa mama wa makamo, Dokta Kemilembe, miwani imefungwa kwa uzi. Kabla hajasema mengi, Mama Sekela akalichomeka swali lake.

"Dokta, nionyeshe mmoja aliyeteleza."

Dokta alikwenda mlangoni akaita, "Mwanaidi! Njoo hivyo hivyo ulivyo!"

Akaja binti mwenye ovaroli lenye mafuta ya mashine, akaamkia. Dokta akamwambia amweleze mama mwaka wake wa kwanza ulivyokuwa.

"Nilifeli hesabu, mama," akasema Mwanaidi bila kona. "Nikafunga sanduku nirudi zangu Lindi. Dokta akaja bwenini, akakaa juu ya sanduku langu. Akasema hanyanyuki mpaka nimwonyeshe swali la kwanza lililonishinda. Tukalifanya pale pale sakafuni. Sasa niko mwaka wa tatu, nawafundisha wadogo zangu hesabu hiyo hiyo."

"Na ufadhili?"

"Walinisubiri muhula mmoja. Alama zangu zikapanda."

Dokta akaongeza kwamba wana desturi yao ya kila Alhamisi. Wanafunzi bora na walimu wao wanakaa meza moja, na kila mmoja analeta swali lililomshinda wiki hiyo. Ukileta ulilokwisha kulitatua, unatumwa kuchemsha chai.

"Hata wewe Dokta unaleta?"

"La wiki iliyopita mpaka leo linanitesa."

Mama Sekela akahisi moyo unatulia. Haya ndiyo maharage, akajisemea. Akaanza hata kutabasamu. Hapo Dokta Kemilembe akavuta ile bahasha kubwa.

"Umetuchoma vizuri, mama. Na sisi tuna bambo letu." Akahesabu ripoti polepole. "Saba. Ya kidato cha tatu, muhula wa kwanza, haipo."

Jamani, yule mama aliyetetemesha soko zima aliinamisha macho kwenye mkoba wake. Maana ndiyo hiyo aliyoificha. Muhula ule ndipo baba yake Sekela alipofariki, na Mama Sekela, akiwa amechanganyikiwa na madeni ya msiba na magunia yanayooza, alimweka binti sokoni kila asubuhi mpaka saa tano. Sekela akawa wa tisini na saba kati ya mia moja na mmoja. Hesabu, kumi na tisa kwa mia. Kila alipoiona karatasi ile, Mama Sekela hakusoma aibu ya mtoto. Alisoma yake.

"Imepotea, Dokta," akasema.

Sekela akamtazama mama yake. Halafu akafungua daftari lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Samahani, Dokta. Haijapotea, ninayo. Niliiona nilipokuwa natandika kitanda."

Mama Sekela alitamani ardhi ipasuke. Amekwisha, mtoto! Nafasi imekwenda! Alitamani amfinye binti yake pale pale mbele ya watu.

Dokta akaisoma. "Kumi na tisa. Kilitokea nini?"

"Tulifiwa na baba. Nilikuwa nasaidia nyumbani." Hakusema neno moja la kumtupia mama yake.

"Na baada ya hapo?"

Sekela akatazama chini kidogo. "Nilimwomba Mwalimu Mwaijande niingie hesabu za ziada za kidato cha kwanza. Vipindi vyangu vya mchana vikiisha nilikuwa nakwenda kukaa na wale watoto, dawati la mbele. Muhula mzima. Walikuwa wananiita bibi."

Mama Sekela akamgeukia. Hili hakuwahi kulisikia. Binti mrefu wa kidato cha tatu, amekunja magoti chini ya dawati la watoto wa kidato cha kwanza, anachekwa, na jioni anarudi nyumbani anachambua maharage kana kwamba hakuna kitu! Machozi yalimtoka mama wa watu, wala hakujisumbua kuyafuta.

"Dokta, nimesema uongo," akasema. "Niliificha mimi. Na kumi na tisa ile ni yangu, si yake. Kama ni kuadhibu, niadhibu mimi."

Dokta Kemilembe akavua miwani. Akafungua droo, akatoa barua iliyoandikwa kwa mkono, na Mama Sekela akautambua mwandiko wa Mwalimu Mwaijande.

"Mama, habari hii tulikuwa nayo kabla hamjafika," akasema. "Mwaka huu tumepata maombi zaidi ya mia mbili, na wengi alama zao zinalingana na za binti yako. Hatukumwita kwa sababu ya A tatu. Mwalimu wake alituandikia habari za hiyo kumi na tisa na lile dawati la mbele, tukasema huyu tunamtaka. Tulikuwa tunangoja kuona kama ataileta mwenyewe."

Mwanaidi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na ovaroli lake, akaanza kupiga makofi peke yake.

"Nafasi ni yako, Sekela," akasema Dokta. "Ila mama, sitakudanganya. Tunalipa ada tu. Chumba na chakula hatuna uwezo."

Mama Sekela akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akakaa wima kama anayeanza kupatana bei. "Dokta, mimi nauza maharage. Huyu hatalala njaa. Na hao wenzake kumi na mmoja pia, niletee majina yao."

Wakatoka. Getini akachukua bambo lake, akatembea hadi barabarani. Ndipo akauliza, "Sasa mwanangu, kwa nini uliibeba ile karatasi? Je, kama wangetukataa?"

"Si wewe uliyenifundisha, mama?" akasema Sekela. "Mnunuzi akizikuta mwenyewe punje mbovu, anakurudishia gunia zima. Ukizitoa wewe ukamwonyesha, mnaongea."

Mama Sekela alisimama palepale kando ya barabara. Akalitoa bambo mkobani, akamkabidhi binti yake.

Wanasema hadi leo Ambakisye hajaelewa jinsi shemeji yake alivyoacha ng'ombe akachukua kwato. Lakini ukipita soko lile siku ya Ijumaa asubuhi, utamsikia Mama Sekela akitangaza kwa majirani, kifua mbele, sauti ya juu kuliko siku ile matokeo yalipotoka:

"Mwanangu kanipigia simu jana! Kuna swali limemshinda!"

Funzo: Usichague shule kwa picha za waliofaulu, uliza anayeanguka wanamfanyia nini, na ukiulizwa wewe ulianguka wapi, usifiche, kwa maana hapo ndipo panapoonekana jinsi ulivyoinuka.